Rada, Leseni na Mikono ya Pilato



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa chuo aliyekuja likizo nyumbani kwao alinifuata sakristia akiwa na swali. Alikuwa amenisikia nikisema katika mahubiri kwamba sheria zinazosimamia uuzaji wa silaha na vifaa vya kijeshi nchi za nje ni suala la dhamiri, wala si la wanasheria na wafanyabiashara peke yao. "Padre," aliniambia kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno, "sheria za Wazungu za kuuza vifaa vyao zinatuhusu nini sisi? Sisi hatutengenezi silaha. Wao wauze, sisi tukitaka tununue, tusipotaka tuache." Nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa wanakwaya walikuwa wananisubiri nje. Leo namjibu kwa kirefu, nikiamini kwamba swali lake ni la wengi.

Nianze na neno moja ambalo Watanzania wote wa rika langu wanalijua: rada.

Vijana wa leo wamelisikia kwa mbali tu, kupitia ule msemo wa "chenji ya rada". Mimi nilikuwa mseminari wa falsafa habari zile zilipoanza kutufikia kwa redio, nasi tukibishana juu yake wakati wa mapumziko kana kwamba ni mechi ya Simba na Yanga. Wengine tulisema nchi inayojitegemea lazima iwe na macho ya kuona anga lake. Wengine wakauliza kama macho hayo ni lazima yagharimu fedha zote zile. Hatukujua wakati huo kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na kwamba neno la mwisho lilisemwa mbali na hapa, katika ofisi za London, kwa saini iliyowekwa juu ya leseni.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali yetu ilikubaliana na kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kununua mfumo wa rada kwa bei ya pauni milioni 28, yaani takriban dola milioni 40 za Marekani kwa wakati ule. Mfumo huo ulielezwa kuwa wa matumizi mawili: ungeongoza ndege za abiria, na papo hapo ungelisaidia jeshi. Kwa kuwa ulikuwa na sura ya kijeshi, kampuni haikuweza kuusafirisha bila leseni ya serikali ya Uingereza. Mwezi Desemba mwaka 2001 leseni ilitolewa. Angalieni tarehe hiyo vizuri. Mwezi mmoja tu kabla, Novemba 2001, Tanzania ilikuwa imefikia hatua ya mwisho ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba karo ya shule ya msingi inafutwa, na mwaka 2002 ukaanza ule mpango wa MMEM, ambao ulijaza watoto madarasani kuliko madawati yaliyokuwepo. Walimu waliofundisha miaka hiyo hawahitaji mimi niwasimulie. Watoto walikaa chini, kitabu kimoja kikizungushwa kama sahani ya wageni.

Hivyo basi, kwa mkono mmoja nchi tajiri zilitufutia deni ili tusomeshe watoto, na kwa mkono mwingine mojawapo ya nchi hizohizo ikatia saini tuuziwe kifaa cha dola milioni 40.

Sasa nifike kwenye sheria yenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtu anaweza kudhani kwamba Uingereza haikuwa na kanuni ya kuzuia jambo hilo. Ilikuwa nayo! Mwaka 1998 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana juu ya Kanuni za Maadili za kuuza silaha nje, zenye vigezo vinane. Mwezi Oktoba 2000 serikali ya Uingereza ikaviweka vigezo hivyo pamoja na vya kwake, ikatangaza Bungeni kwamba kila ombi la leseni litapimwa kwavyo. Kigezo cha nane ndicho kinachotuhusu. Kinaitaka serikali kuangalia kama mauzo yanalingana na uwezo wa kiuchumi na wa kiufundi wa nchi inayonunua, na kama yataathiri vibaya uchumi wake au maendeleo yake endelevu. Kinataka ilinganishwe fedha inayotumika kwa jeshi na ile inayotumika kwa huduma za jamii. Tena kinataja mahali pa kutafuta taarifa hizo, ikiwemo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Je, ingeweza kuandikwa kwa uwazi zaidi ya hapo? Nchi inayosamehewa madeni kwa umaskini wake inanunua mfumo wa dola milioni 40. Benki ya Dunia, iliyotajwa katika kigezo chenyewe, ilikuwa na mashaka na ununuzi huo. Ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe kulikuwa na mgawanyiko: Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi, na waziri wa fedha, Gordon Brown, naye hakuunga mkono. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono, na upande wake ukashinda. Mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, walioombwa ushauri na Benki ya Dunia, walisema kwamba mfumo ule ulikuwa ghali mno na haukukidhi ipasavyo mahitaji ya usafiri wa kiraia. Lakini leseni ilikuwa imekwisha kutoka. Tena ripoti za wakati ule zilieleza kwamba sehemu kubwa ya mfumo ilikuwa imekwisha kutengenezwa katika kiwanda cha kampuni hiyo kisiwani Wight kabla leseni haijatolewa. Jeneza limechongwa, halafu daktari anaulizwa kama mgonjwa atapona!

Wapendwa, hapa ndipo ninapomwona Pilato. Injili inatusimulia kwamba Pilato hakumwona Bwana kuwa na kosa, na alijua kwamba walimleta kwa husuda. Hakukosa taarifa, alikosa ujasiri wa kuzifuata taarifa alizokuwa nazo. Akaagiza maji. Leseni ile ilikuwa beseni la maji. Waliotia saini walisema Tanzania yenyewe imeomba, ni nchi huru, imeamua. Kisha wakapangusa mikono.

Mwezi Julai 2002, miezi saba baada ya leseni ya rada, Uingereza ilipata sheria mpya ya udhibiti wa mauzo ya nje. Kabla ya hapo ilikuwa ikitegemea sheria ya dharura ya mwaka 1939, iliyotungwa vita kuu ya pili ilipoanza. Kwamba sheria ya dharura ilidumu zaidi ya miaka 60 ni jambo la kutafakari: wauzaji hawakuwa na haraka. Kilichowasukuma mwanzoni ni fedheha nyingine, ya bidhaa zenye matumizi mawili hasa. Kampuni iliyoitwa Matrix Churchill, ya mjini Coventry, iliiuzia Irak ya Saddam Hussein mashine za kukereza chuma. Mashine ya kukereza chuma inaweza kutengeneza kipuri cha trekta, na inaweza kutengeneza ganda la kombora. Wakurugenzi wake walishitakiwa, lakini kesi ikavunjika mwaka 1992 ilipodhihirika mahakamani kwamba serikali yenyewe ilijua matumizi hayo na ikafumba macho. Jaji Richard Scott alichunguza, akatoa taarifa yake mwaka 1996, na ilichukua miaka sita tena hadi sheria mpya kupatikana.

Basi sheria hiyo mpya, baada ya kelele za rada, ikalitaja suala la maendeleo endelevu. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikasoma tena polepole, kama tulivyofundishwa seminarini kusoma maandiko ya kisheria. Inataka waziri atoe mwongozo utakaoeleza uzito utakaopewa maendeleo endelevu katika kutoa leseni, kama uzito wowote utakuwepo. Kama upo! Maneno mawili madogo tu, na ng'ombe wote wametoka zizini. Sheria haimkatazi waziri kumuuzia maskini kitu kitakachomdidimiza. Inamtaka tu aseme atalifikiria jambo hilo kwa kiasi gani, na sifuri nayo ni kiasi.

Tatizo la pili liko katika kigezo chenyewe, ambacho kipo mpaka leo katika vigezo vya Uingereza vilivyorekebishwa mwaka 2021, na katika Msimamo wa Pamoja wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2008. Kinauliza kama mauzo haya, peke yake, yataudhuru uchumi wa mnunuzi kwa kiwango kikubwa. Lakini ni mauzo gani, yakipimwa peke yake, yanaweza kuiangusha nchi nzima? Leo rada, kesho magari ya deraya, keshokutwa helikopta. Kila moja likipimwa kando litaonekana dogo mbele ya bajeti ya taifa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha umaskini nacho hujazwa vivyo hivyo. Kanuni inayopima tone moja moja haitaiona mafuriko kamwe.

Sasa nizijibu hoja tatu ambazo husikika kila mara jambo hili linapozungumzwa.

Hoja ya kwanza ni ile ya kijana wangu: nchi huru ina haki ya kununua inachotaka, na Mzungu anayetuzuia anatufanya watoto. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Kanisa linakiri kwamba dola ina haki na wajibu wa kuwalinda raia wake, na ndege zinahitaji kuongozwa salama. Lakini tuangalie kwa makini nani alinunua na nani alilipa. Chukueni mfano wa mhazini wa jumuiya. Anakuja dukani na fedha za jumuiya, zilizochangwa na wajane na wauza mboga, anataka kununua kitu cha bei kubwa ambacho wanajumuiya hawajakijadili, na mwenye duka anajua wanajumuiya hao wanadaiwa karo za watoto. Mwenye duka akikataa kuuza, je, ameivunjia heshima jumuiya? Hapana, ameiheshimu kuliko mhazini wake. Sheria ya kudhibiti mauzo ya nje haimfungi mnunuzi. Inamfunga muuzaji wa nchi yake yenyewe. Uhuru wetu wa kununua haujapata kuwa amri kwa mwenzetu kwamba ni lazima atuuzie.

Hoja ya pili husema: tusipouza sisi, watauza wengine. Kila mwenye kuuza gongo kijijini anaijua hoja hii kwa moyo. Mwaka 1994 Baraza la Kipapa la Haki na Amani lilitoa hati maalumu juu ya biashara ya silaha kimataifa, likafundisha kwamba silaha haziwezi kuhesabiwa sawa na bidhaa nyingine zinazouzwa sokoni. Ikiwa ni hivyo, hoja ya ushindani wa sokoni inakosa msingi tangu mwanzo. Dhambi haigeuki kuwa halali kwa sababu jirani yuko tayari kuitenda. Na kwa upande wa vitendo, hoja hiyo ndiyo hasa sababu ya kuwa na sheria ya pamoja kati ya mataifa, wala si sababu ya kutokuwa nayo.

Hoja ya tatu ni ya hila zaidi. Husema: rada haiui. Ni macho tu, haina risasi. Mbona mnaiweka pamoja na bunduki? Nami nakubali kwamba hakuna Mtanzania aliyepigwa risasi na rada. Lakini katika teolojia ya maadili tulifundishwa kwamba uovu una njia nyingi, na kwamba mtu anaweza kushiriki uovu kwa kuutaka, au kwa kutoa nyenzo huku akijua zinakokwenda. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alipendekeza uwepo mfuko wa dunia kwa ajili ya maskini, utakaochangiwa na sehemu ya fedha zinazotumika kwa silaha. Alijua kwamba silaha huua mara mbili: zinapolipuka, na zinaponunuliwa. Mtoto anayekosa dawa kwa sababu fedha imekwenda kwingine haandikwi katika orodha ya majeruhi wa vita. Lakini amekosa dawa vilevile.

Na tena kulikuwa na harufu nyingine katika rada ile. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Uchunguzi wa taasisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya ulaghai ulibaini kwamba takriban dola milioni 12.4, karibu theluthi moja ya bei, zilipelekwa kwa kampuni za mtu aliyeitwa mshauri wa masoko. Mwezi Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu malipo hayo. Haikushitakiwa kwa rushwa, wala haikukiri rushwa. Ilikiri hesabu mbovu. Hata hivyo ilikubaliwa mbele ya mahakama kwamba ulikuwepo uwezekano mkubwa wa sehemu ya fedha hizo kutumika kuipendelea kampuni katika majadiliano ya mkataba. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikatoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilifika mwaka 2012, baada ya mabishano marefu juu ya nani azipokee na kwa njia gani. Zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 70, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Vitabu na madawati! Yaani vitu vilevile ambavyo watoto wa mwaka 2002 walivikosa. Lakini mtoto aliyekaa sakafuni mwaka 2002 akiwa darasa la kwanza, mwaka 2012 alikuwa kijana mwenye ndevu zinazoota. Dawati lilimfika akiwa hana tena haja nalo. Haki iliyocheleweshwa kwa miaka 10 haiwezi kumkalisha mtu yule yule.

Tuliiita "chenji", kana kwamba tulikwenda dukani tukasahau kuhesabu fedha iliyorudi. Tulicheka kwa neno hilo, maana Watanzania tuna kipaji cha kucheka penye maumivu. Lakini neno hilo limetuficha ukweli. Chenji hurudishwa na mwenye duka mwaminifu kwa hiari yake. Hii ilitolewa kwa sababu wachunguzi na waandishi wa habari wa nchi nyingine walikataa kunyamaza. Na aliyetoa leseni je? Hakuulizwa. Kampuni ililipa, lakini serikali iliyotia saini kinyume cha kigezo chake yenyewe haikutozwa hata senti. Hapo ndipo sheria ilipo dhaifu kuliko kote: ina adhabu kwa anayesafirisha bila leseni, haina lolote kwa anayetoa leseni isiyostahili.

Mtasema: huyo ni Muingereza, na ni zamani. Tazameni basi Mkataba wa Biashara ya Silaha wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya 3, ukaanza kufanya kazi tarehe 24 Desemba 2014, mkesha wa Noeli. Ni hatua njema, na Kanisa liliuunga mkono. Unakataza kuuza silaha inapojulikana kwamba zitatumika kwa mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu, na unamtaka muuzaji apime hatari ya ukiukaji wa haki za watu. Lakini vipengele vya kumzuia muuzaji havina kigezo cha maendeleo ya nchi inayonunua. Na orodha ya silaha zinazoguswa ina vifaru, magari ya deraya, mizinga, ndege na helikopta za kivita, meli za kivita, makombora na silaha ndogondogo. Rada haimo. Kifaa kama kile kingeuzwa tena kesho, na mkataba usingesema neno.

Upo pia mpango wa Wassenaar, ulioanzishwa mwaka 1996, ambapo nchi 42 hupatana juu ya orodha za silaha na bidhaa zenye matumizi mawili zinazopaswa kudhibitiwa. Katika nchi hizo 42, ya Afrika ni moja tu, Afrika ya Kusini. Wanaokaa mezani kuamua kipi ni cha hatari ni wauzaji. Wanaokipokea kitu hicho hawana kiti. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Na safari hii kunguru ndiye anayeandika kanuni za pambano.

Lakini, wapendwa, nikiishia hapo nitakuwa mhubiri wa dhambi za watu wa mbali, na kazi hiyo ni nyepesi mno. Kikulacho ki nguoni mwako. Leseni ile isingeombwa kama ombi lisingetoka kwetu. Kwa miaka mingi neno "ulinzi" limekuwa pazia zito ambalo nyuma yake bei haiulizwi, na anayeuliza huonekana si mzalendo. Nasi tumelikubali pazia hilo. Mwaka 2017 mamlaka yetu ya usafiri wa anga iliingia mkataba wa kununua rada nne za kiraia, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa bei isiyofika shilingi bilioni 70 kwa zote nne. Najua teknolojia hushuka bei kadiri miaka inavyopita, na sitaki kulinganisha mambo kama mtoto. Hata hivyo ni nne, zilizonunuliwa kwa mkataba uliotangazwa hadharani na bei ikasomwa magazetini, na zote nne kwa dola takriban milioni 30, dhidi ya moja kwa milioni 40. Mwanga nao ni mkaguzi wa hesabu.

Je, raia wa kawaida anaweza kufanya lolote? Nawaletea mfano mmoja. Mwezi Aprili 2008 meli ya China iitwayo An Yue Jiang ilitia nanga nje ya bandari ya Durban ikiwa na shehena ya silaha na risasi kwa ajili ya Zimbabwe, wakati nchi ile ikiwa katika vurugu za uchaguzi. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikuwa imeridhia shehena ipite. Wapakuaji mizigo wa bandarini, kupitia chama chao cha wafanyakazi, wakakataa kuigusa. Askofu wa Kianglikana, Rubin Phillip, pamoja na mwenzake, wakaenda mahakamani wakiishika mkononi sheria ya nchi yao ya mwaka 2002 ya kudhibiti silaha, inayotaka haki za binadamu zizingatiwe kabla ya kibali kutolewa. Mahakama ikawasikiliza, ikatoa amri ya kuzuia. Meli ikang'oa nanga na kuondoka. Sheria ile ilikuwa na meno kwa sababu raia waliweza kuishika, na kwa sababu watu wenye mikono yenye sugu walikubali kupoteza ujira wa siku kwa ajili ya jirani wasiyemfahamu.

Hicho ndicho ninachokidai. Nchi zinazouza zibadilishe kigezo cha nane kutoka jambo la kufikiriwa kuwa jambo la kuthibitishwa: muuzaji ndiye aonyeshe kwamba mauzo hayamdhuru maskini, wala si maskini athibitishe kwamba ameumia. Kifaa kisitengenezwe kabla ya leseni, ili saini isije ikawa sherehe ya kuhalalisha kilichokwisha kufanyika. Malipo yote ya mawakala na washauri yatajwe wakati leseni inapoombwa, si miaka 10 baadaye mahakamani. Na hapa kwetu, kila ununuzi wa kifaa kinachodaiwa kuwa cha raia na cha jeshi kwa pamoja, ile nusu yake ya kiraia ifikishwe mbele ya Bunge na bei yake isomwe. Kama kweli kinawahudumia abiria, abiria wana haki ya kujua nauli.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2316, inafundisha kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha unagusa manufaa ya wote, na kwa hiyo mamlaka za umma zina haki, tena wajibu, wa kuusimamia. Ni wajibu kabisa, mwenye mamlaka hana hiari ya kuuacha, wala kuutimiza kwa maneno "kama upo".

Basi, kijana wangu, uliyeniuliza sakristia: umesema sisi hatutengenezi silaha. Ni kweli. Lakini kila leseni inayotiwa saini huko ina jina la nchi inayopokea, na nyuma ya jina hilo wako watoto wa darasa la kwanza. Unasomea chuo, kesho utakuwa mhasibu, mwanasheria, au ofisa katika wizara mojawapo. Siku moja karatasi itawekwa mbele yako uitie saini, na utakuwa na taarifa zote mikononi, kama Pilato. Nakuombea siku hiyo usitake maji ya kunawa.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.

Ni mimi, Paroko wenu.